Askari Aliyetazama Juu: Sanamu na Wimbo Ufukoni mwa Ziwa Nyasa

Barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay inakupitisha kwanza kwenye milima ya Wamatengo. Kahawa huku, kahawa kule, na miteremko iliyochimbwa ngoro, yale mashimo ya kilimo yaliyopangana kama masega ya nyuki. Halafu mlima unaisha na ziwa linajitokeza. Ukishika ufuko kuelekea kaskazini unafika Liuli, na pale bandarini kuna mwamba ambao kila mgeni lazima auulizie. Unaitwa Pomonda.

Wajerumani walipoutazama waliona sanamu ya Misri, yule simba mwenye kichwa cha mtu aliyelala karibu na mapiramidi. Wakaipa bandari nzima jina la Sphinxhafen. Wenyeji waliona kitu kingine. Pomonda ina pango, na wazee wa ufukoni wanasimulia kwamba watu walijificha humo wakati wa mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19. Mwamba ni ule ule. Mmoja aliona sanamu, mwingine aliona mahali pa kuponea.

Nimeanza na jiwe hili kwa sababu ya swali linalozuka kila tunapozungumzia sanaa za mikoani. Huko kusini kuna nini? Kuna ukumbi? Kuna jumba ambapo mtu anaweza kutazama sanamu, kisha jioni akakaa kusikiliza nyimbo zilizotungwa kwa ustadi? Jibu la haraka ni kwamba hakuna, nenda Dar es Salaam. Mimi nadhani jibu hilo linaruka historia yenyewe. Sanamu na wimbo vimekuwepo huku kwa zaidi ya miaka mia, tena vimebishana. Walibishana juu ya mtu mmoja: askari.

Wissmann wa majini na Wissmann wa shaba

Hermann von Wissmann ndiye aliyeongoza jeshi la Wajerumani dhidi ya Abushiri na watu wa pwani mwaka 1889. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Baadaye Wissmann akawa gavana kwa muda mfupi, akarudi kwao, akafa mwaka 1905. Jina lake lakini lilibaki huku kwa sura mbili.

Sura ya kwanza ilikuwa meli. Miaka ya 1890 Wajerumani walileta vipande vya meli mpaka Ziwa Nyasa, wakaviunga, wakaiita Hermann von Wissmann. Kituo chake kikawa Liuli, pale pale mbele ya Pomonda.

Sura ya pili ilikuwa sanamu. Mwaka 1909 ilisimamishwa Dar es Salaam, kazi ya mchongaji Adolf Kürle. Ukiitazama kwenye picha za zamani, Wissmann yuko juu ya jiwe, ametulia, anatazama mbali. Chini yake yuko askari Mwafrika. Miguuni pa askari kuna simba aliyeshindwa, na askari anamfunika kwa bendera ya Ujerumani huku ameinua uso kumtazama bwana wake. Wissmann ana jina. Askari hana.

Hesabu miaka hapo, msomaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea baada ya vita vya Majimaji. Miaka mitatu baadaye, pwani, wanazindua sanamu inayomwonyesha Mwafrika akimwangalia mtawala kwa mapenzi. Mtu aliyeagiza sanamu hiyo alijua alichotaka kionekane, na alijua pia alichotaka kisahauliwe.

Agosti 1914 vita vya dunia vilifika ziwani. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka kutoka upande wa Nyasaland chini ya Kamanda Rhoades, ikaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhafen. Ikapiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades; walikuwa wakinywa pamoja, na habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Alikwenda na mashua yake kulalamika, akakamatwa. Gazeti la The Times la London likatangaza ushindi wa majini kwenye Ziwa Nyasa. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kichekesho cha wazungu wawili walevi. Kwa watu wa ufukoni mizinga ile ilikuwa mwanzo wa miaka minne ya kuchukuliwa.

Aliyebeba mzigo hakuchongwa

Maana vita vile, kwa watu wa kawaida, vilikuwa vya mizigo kuliko bunduki. Wanaume walikusanywa pande zote mbili kubeba chakula, risasi na majeruhi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Jina Kariakoo pale Dar es Salaam ni kovu la jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps, lililoingia mdomoni mwa Waswahili na kubaki hapo.

Waingereza waliposhinda waliing'oa sanamu ya Wissmann. Ikasafirishwa hadi Uingereza kama ngawira, kisha mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Dar es Salaam ikapata sanamu nyingine mwaka 1927, ile tunayoiita Sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson. Safari hii askari yuko peke yake, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Hamtazami mzungu tena. Ni hatua, tuseme ukweli.

Lakini bado hana jina, na mpagazi hayupo kabisa. Nairobi walau walimweka mpagazi miongoni mwa watu watatu wa mnara wao. Dar es Salaam amebaki askari tu. Na mtu wa Liuli, wa Lituhi au wa milima ya Umatengo aliyebeba mzigo akarudi, au hakurudi, angeiona wapi sura yake? Safari ya kwenda kuitazama sanamu hiyo ilikuwa ya siku nyingi.

Kiwanja

Sasa turudi ziwani, maana jibu lilitungiwa huko.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na ngoma ya beni iliyozuka pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa. Vijana waliiga bendi za kijeshi, wakajipa vyeo, wakashindana mtaa kwa mtaa, wakatunga nyimbo za kusifu na za kutukana. Vita viliisambaza. Askari na wapagazi waliirudisha makwao, na kila mahali ikavaa nguo za hapo. Kuzunguka Ziwa Nyasa ikatokea mganda. Upande wa Malawi wengi huiita malipenga.

Kama hujawahi kuiona, nitajaribu kukuonyesha. Ni kiangazi, mavuno yameisha. Kikundi cha kijiji kimoja kimealikwa na kijiji kingine. Wanaume wanaingia kiwanjani kwa mistari, kaptula nyeupe, soksi ndefu, viatu vimepakwa rangi, wengine wamefunga tai. Kuna ngoma kubwa inayotikisa kifua. Tarumbeta hazipo, nani angezinunua? Badala yake kila mmoja ana kibuyu kilichotobolewa na kuzibwa tundu kwa utando wa buibui. Akiimba ndani yake, sauti ya mtu inatoka ina mtetemo wa shaba. Hivyo bendi nzima ya jeshi imejengwa kwa mboga ya shambani na kazi ya mdudu.

Halafu wanasimama. Hapo ndipo mimi huwa nashika pumzi. Mguu umeinuliwa, mkono umeshika fimbo fupi, shingo imenyooka, uso hauna tabasamu. Kwa muda mfupi una mbele yako safu ya sanamu. Kisha ngoma inalia na sanamu zote zinageuka kwa pamoja.

Maofisa wa kikoloni waliandika kwamba huku ni kuiga tu. Eti watu weusi wanacheza kijeshi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alionyesha jinsi dhana hiyo ilivyokuwa ya juujuu: ndani ya ngoma hizi mlikuwa na vyama vya kusaidiana, ushindani wa heshima na namna ya vijana kujipanga katika dunia iliyopinduliwa. Mimi naongeza neno moja dogo kutoka upande wa sanaa. Mtazame tena yule askari wa Kürle, uso juu, bendera mkononi. Sasa mtazame mchezaji wa mganda. Sare ni zile zile, unyoofu ni ule ule, ila hakuna mtu aliyesimama juu yake. Kapteni ni jirani yake. Mfalme wa ngoma ni mvuvi. Ng'ambo, Nkhata Bay, kikundi cha ngoma huitwa boma, jina la ofisi ya mkoloni. Walilichukua neno la kuwatisha, wakalifanya jina la timu.

Wanawake nao hawakukaa pembeni kupiga makofi. Wana kioda, ngoma yao, nguo nyeupe na hatua za mpangilio, na vyeo vilivyokopwa hospitalini kama wanaume walivyokopa vya jeshini. Mahali ambapo misheni ilijenga zahanati, muuguzi alikuwa mwanamke mwenye mamlaka. Basi wakamtia ngomani.

Na nyimbo? Hapa ndipo penye uzito. Wimbo wa mganda au kioda hutungwa na mtu, unafanyiwa mazoezi, unapelekwa mbele ya wasikilizaji wanaojua kupima. Unaweza kusema juu ya njaa, juu ya kiongozi aliyekula michango, juu ya kijana aliyekwenda migodini asirudi, juu ya mashua iliyozama. Mtu akitajwa kiwanjani habishi; atasubiri kikundi chake kijibu mwaka ujao. Ukiniuliza kama Nyasa kuna maonyesho ya nyimbo zilizotungwa kwa ustadi, nitakuambia yapo, ila hayana viti, na msikilizaji anaruhusiwa kupiga kelele mstari unapomchoma jirani.

Padri aliyesikiliza

Wala usidhani kiwanja kilikubalika na wote. Wamisionari wengi wa mwanzo waliona ngoma kuwa adui. Mkristo mwema aliimba tenzi za Ulaya zilizotafsiriwa, na maneno ya Kibantu yakalazimishwa kufuata tuni iliyopandisha sauti pale lugha inapotaka kuishusha. Umeshazisikia nyimbo hizo. Unaimba maneno unayoyajua na bado yanakuwa mageni mdomoni.

Mabadiliko ya mkoa huu yalikuwa na mtu wake. Padri Stephen Mbunga, kutoka eneo la Wabenediktini wa Peramiho, aliandika kitabu kizima mwaka 1963 juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa lugha ya sheria, na nyaraka za Kanisa lenyewe mkononi, alitetea nafasi ya muziki wa watu wake mbele ya altare. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado unaendelea wakati huo. Leo ukiingia kanisa lolote la Jimbo la Mbinga Jumapili, ukasikia ngoma na kayamba pembeni ya kinanda, unaona kama ni jambo la siku zote. Mtu alilazimika kulipigania kwa kalamu.

Kwaya ndiyo ukumbi mwingine wa wimbo huku milimani. Mtunzi ana daftari la nota au la sol-fa, ana sauti nne, ana mashindano ya parokia. Ajabu ni kwamba wimbo wa kwaya mara nyingi una jina la mtunzi limeandikwa juu ya karatasi, ilhali wimbo wa mganda hauna. Tutarudi kwenye hilo.

Vichwa vya Songea

Mwaka 1980 mkoa ulipata sanamu zake. Mwalimu Nyerere alifungua kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji mjini Songea, na leo ukiingia kwenye uwanja wa Makumbusho ya Majimaji unakutana na sanamu za manduna wa Kingoni zimesimama karibu na kaburi la pamoja. Kwa mara ya kwanza sanamu za Waafrika wenye majina yao. Hakuna anayetazama juu kwa mtu.

Kila Februari watu hukusanyika hapo, na ngoma zinapigwa. Lizombe ya Wangoni haikosi. Yaani pale Songea sanamu na wimbo vimewekwa uwanja mmoja, na tangu 2015 tamasha la Majimaji Selebuka limeongeza mkusanyiko mwingine mjini humo. Ukitaka jumba la sanaa la mkoa wa Ruvuma, nadhani hili ndilo lililo karibu zaidi.

Lakini mtu wa Nyasa anasimama pale na mawazo mawili. La kwanza ni heshima. La pili linatoka ndani ya pango la Pomonda. Hao hao mashujaa wa taifa ni wajukuu wa watu ambao mababu wa Wanyasa na Wamatengo walijificha wasiwapate. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akilisema hilo bila hasira, kama mtu anayetaja mvua ya mwaka fulani. Sanamu haina nafasi ya maneno kama hayo. Ikishasimama imesema neno moja, na litakuwa hilo hilo kesho. Wimbo unaweza kuwasifu Wangoni beti moja na kuwakumbusha deni beti ya pili, na wote wakacheza.

Kuna jambo lingine pale Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, alizikwa kando na wenzake. Familia yake inaamini kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Mwanzoni mwa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho hayo, akakutana na kizazi cha Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na kuahidi kusaidia kukitafuta. Kwa hiyo juu ya ardhi sanamu ina kichwa chake, na chini ya ardhi familia inasema hakuna. Sijui kama kuna mchongaji popote aliyewahi kupewa kazi nzito kuliko hiyo, ya kutengeneza uso wa mtu ambaye watu wake bado wanauomba urudishwe.

Aliyelazwa chini

Yule Wissmann wa Hamburg naye hakubaki juu. Mwaka 1967 wanafunzi walimvuta kwa kamba. Alirudishwa, wakamwangusha tena mwaka 1968, na safari hiyo hakurudi. Kwa miaka mingi akawekwa stoo. Mwaka 2004 alisimamishwa bandarini Hamburg kwa muda kama sehemu ya mradi wa msanii Jokinen, ili watu wabishane juu yake. Na kwenye maonyesho ya ukoloni ya Makumbusho ya Historia ya Ujerumani, Berlin, yaliyofunguliwa mwaka 2016, alionyeshwa akiwa amelala. Gavana chali, watu wanapita wanamwinamia.

Meli yenye jina lake ilimalizwa vitani. Waingereza walipoichukua waliipa jina la mfalme wao, King George V. Na Sphinxhafen ni Liuli, kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo sanamu iliyoagizwa idumu milele imeishia chali, na ngoma iliyoitwa kuiga inaendelea kuchezwa. Ningependa kumalizia hapa kwa ushindi. Siwezi, kwa sababu wimbo nao unakufa, na unakufa kimya kuliko sanamu. Wissmann alipoanguka magazeti yaliandika. Mtunzi wa mganda akifariki, nyimbo zake hubaki kwa watu ishirini, kisha kwa watano, kisha kwa mjane anayekumbuka kiitikio tu. Upya wa kila mwaka, ambao ndio uhai wa kiwanja, ndio pia unaofuta wimbo wa mwaka jana. Leo simu za vijana zinarekodi dakika mbili za vumbi na kelele, jina la kijiji halipo, jina la mtunzi halipo.

Nyasa imekuwa wilaya yake tangu ilipotengwa na Mbinga, na lami imefika Mbamba Bay. Wageni watakuja, na siku moja mtu atapendekeza kujenga ukumbi wa utamaduni wenye sanamu mlangoni. Sipingi. Ila kabla ya kumwaga zege, naomba kitu cha bei nafuu zaidi: daftari. Mwalimu wa shule, katibu wa parokia, binti wa kidato cha nne aliye likizo, yeyote, akae na wazee wa mganda na kina mama wa kioda aandike wimbo mzima, umeimbwa mwaka gani, umetungwa na nani, ulimsema nani.

Askari wa Kürle hakupewa jina kwa sababu aliyelipia sanamu hakulihitaji. Mpagazi wa Liuli hakuchongwa kabisa. Watunzi wetu tunawafahamu, tunakaa nao, tunawaita mzee, mama, mjomba. Sisi tukiwaacha bila majina, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.